Njia ya Ujiji Ilipopita Gasenyi

Juzi mwalimu kijana aliniletea ramani aliyoichora mwenyewe kwenye karatasi ya saruji. Anataka darasa lake liigize msafara wa kale, kutoka pwani mpaka Ujiji, na aliniuliza kama nina neno la kumwambia. Nilikuwa nalo, ila sauti yangu haifiki tena mwisho wa maneno marefu. Chaki na miaka ya kupigana na kelele za watoto vililila koo langu, na daktari akaniambia nichague kufundisha au kusema. Nikastaafu kabla sijazeeka. Kwa hiyo ninamwandikia, na ninyi wenzake mnaoanza kazi msome juu ya bega lake.

Kwanza mjue kwamba mimi sikusomea ualimu. Nilikuwa fundi cherehani mtaani Buyenzi, kama mama yangu, na vitabu nilivisoma nikivisimamisha kwenye shingo ya mashine. Wakati wa vita walimu wengi walikimbia, na shule moja ya msingi upande wa kaskazini wa mji, karibu na Gasenyi, ilifunguliwa tena ikiwa na watoto wengi kuliko madawati. Direkteri wake, yaani mwalimu mkuu, alikuja kuchukua suruali yake, akanikuta na kitabu cha historia mbele yangu.

"Madamu Zaituni, unashona ao unasoma?"

"Ninashona na mikono, Bwana Direkteri. Ninasoma na macho."

"Na suruali yangu inaangaliwa na nani?"

Suruali ilikuwa nzuri, hata akaigeuza ndani nje kutafuta kosa. Kosa hakuliona. Jumatatu iliyofuata nilisimama mbele ya darasa la nne nikiwa na chaki mkononi na sindano bado imechomekwa kifuani.

Siku ile nilieleza nchi ya Ugogo mpaka midomo ikakauka: ukame wake, visima vyake, watawala wake waliotoza kodi ya njia. Nilipomaliza, mtoto mmoja aitwaye Hamisi akainua mkono. "Madamu, Ugogo ni mbali kuliko Gatumba?" Gatumba ni hapo tu, kwenye mpaka wa Kongo. Nikaelewa kwamba nilikuwa nimesema peke yangu muda wote huo.

Tangu hapo nilianza na kitu ambacho mkono unaweza kushika. Misafara ilinunua kwa nguo, na nguo ilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Hilo nililijua kutoka cherehani. Nilileta mabaki ya kitambaa, nikagawa darasa kuwa wauzaji na wanunuzi. Kila muuzaji akaja na rafiki mwenye mkono mfupi, kila mnunuzi akatafuta mrefu. "Mukono yako ni ya mwizi!" walipigiana kelele. "Na yako umekopa kwa mutoto wa chekechea!" Hesabu ya sehemu, iliyowashinda ubaoni, waliimaliza wakigombana. Shanga tulizitengeneza kwa matete. Myakate yakiwa bado mabichi, kwa maana tete kavu hupasuka, kisha mzitie kwenye wino. Ziliitwa sofi huko Ujiji, na zilitumika kama fedha. Njia yenyewe tuliichora uwanjani kwa majivu: Bagamoyo mlangoni mwa darasa, Ujiji kwenye ukuta wa choo. Watoto waliliona hilo la choo la kuchekesha sana, nami sikuwazuia.

Msafara lazima uwe na kirangozi, yaani kiongozi wa mbele, na kirangozi lazima awe na ngoma. Tulipiga siku moja tu. Direkteri alikuja mbio, tai yake begani.

"Ngoma apana, Madamu! Kuna vijana wakisikia ngoma wataweka mawe barabarani, na kuna wengine wakiona mawe watapiga risasi."

Basi tukachukua bendera. Bendera ya rangi gani? Nyekundu ilikuwa ya watu fulani, kijani ya wengine, na nyeupe mzazi mmoja aliniambia inaonyesha kwamba tumeshindwa. Mwishowe Hamisi, tuliyemfanya kirangozi, alibeba kipande cha gunia kwenye fimbo. Gunia halikuwa na chama.

Wakati ule wazazi waliogopa watoto kurudi nyumbani mmoja mmoja. Nikamwomba Direkteri ruhusa tutembee kama msafara: mstari mmoja, kimya, kila mtoto na mzigo wake kichwani, kutoka shuleni kupita Gasenyi kuelekea Carama. Somo likawa pia ulinzi. Nyumba za njiani zikapewa majina ya vituo, na mtoto aliyefika kwao alijiondoa akisema, "Mi nimefika Mpwapwa," au "Mi nabaki Tabora." Watu wazima walitoka kwenye milango kutuangalia. Walicheka mwanzoni.

Ugogo ilikuwa mlangoni pa Mama Jeneroza. Alikuwa mjane, aliuza mandazi mbele ya geti lake la mabati. Siku ya kwanza aliposikia kwamba Ugogo ndiko watawala walikotoza hongo, yaani kodi ya kupita, aliinua kijiko chake cha mafuta akafunga njia.

"Basi mi ni sultani. Hakuna kupita bure!"

"Sultani gani anachoma mandazi?" Hamisi akamwuliza.

"Sultani mwenye njaa. Lipa, we mufupi!"

Kila mtoto alilipa ushanga mmoja wa tete. Jioni alizitia kwenye uzi akazivaa. Na kila mara mstari ulipoanza kuondoka alituita kutoka nyuma: "Mukifika Ujiji, munisalimie Dezire!"

Dezire alikuwa mwanawe wa pekee. Wakati kartie, yaani mtaa wao, ilipokimbiwa, Mama Jeneroza alitoka asubuhi na kundi la kanisani, na mwanawe hakuwa nyumbani. Walipotezana. Aliporudi baada ya miezi alisikia kwamba vijana wengi walivuka kwenda kambi za Kigoma, na Kigoma na Ujiji ni kama Buyenzi na Bwiza, unatoka huku unaingia kule. Kwa hiyo alijua mwanawe yuko wapi. Ndivyo alivyosema: ninajua. Hakukubali kuhama Gasenyi, hata usiku ambao wengine walilala kwa ndugu katikati ya mji, kwa sababu Dezire akirudi ataijua nyumba hii tu.

Niliona kwamba alipotoa salamu hizo watoto hawakumjibu. Watoto waliokuwa wakicheka naye dakika ile waliangalia chini, wakaenda. Nikadhani ni nidhamu ya msafara. Niliwasifu.

Sasa niwaeleze habari ya mawe. Mama yangu alipoona ramani yetu ya majivu aliniuliza kwa nini haina wafu. Babu yake alikuwa mpagazi, alifika huku akibeba mizigo ya watu. Nyumbani kwetu ilisimuliwa kwamba mpagazi akianguka njiani akafa, hapakuwa na muda wa kuchimba. Kila aliyepita pale baadaye aliweka jiwe moja, akanyamaza mpaka apite. Rundo lilikua. Sikuiona desturi hiyo kitabuni, lakini kitabu hakikubeba mizigo. Niliwasimulia watoto, tukaweka mafungu mawili matatu ya kokoto uwanjani, na mtoto mmoja akahesabu ni misafara mingapi itapita kabla rundo halijafika gotini. Hesabu nzuri. Nilifuta ubao nikaenda nyumbani.

Rundo la kwanza nje ya shule nililiona karibu na bomba la maji. Mawe machache, yamepangwa vizuri. Mstari ulipofika pale, kila mtoto alitoa jiwe mfukoni, akaliweka, bila neno. Nikafikiri wanaendeleza mchezo. La pili lilikuwa kwenye kona ya duka lililofungwa. La tatu lilikuwa katikati ya njia ya miguu, mahali pasipo na kitu, nyasi tu. Hawakuulizana wapi. Hakuna aliyeonyesha kwa kidole. Na walipopita rundo walipanua mstari, kama mnavyopanua mstari mtu akitaka kuingia kati.

Mimi ni mtu wa vipimo. Nilitafuta kanuni ya mafungu yale: umbali sawa, kila kona, kila kivuli. Hapakuwa na kanuni. Nikamwuliza fundi baiskeli aliyekaa karibu na bomba kama yanamsumbua. Alizungusha pedali muda mrefu.

"Watoto wako walijuaje, Mwalimu?"

"Walijua nini?"

"Apana kitu," akasema, akainamia gurudumu lake.

Jumatatu, baada ya siku mbili ambazo shule ilifungwa na msafara haukupita, mafungu yote yalikuwa yamekua. Palikuwa na mawe makubwa ambayo mtoto hawezi kubeba. Lile la nyasini lilikuwa na tofali zima juu yake. Ilikuwa saa sita ya mchana, jua limesimama juu ya vichwa, barabara nyeupe, na hakuna hata mtu mmoja nje. Nilisimama pale nikihisi kwamba ninaangaliwa kutoka pande zote, na kwamba wanaoniangalia wananingoja mimi niweke langu. Niliweka. Sikumjua niliyemwekea.

Nikaelewa basi. Kartie nzima ilijua ni wapi watu wake walianguka, na hakuna aliyewahi kulitamka kwa jirani, kwa sababu ukitaja mahali utaulizwa uliona nini, na ukitaja uliona nini utaulizwa nani alifanya. Mawe hayakuulizwa.

Wiki ile ile rundo lilitokea Ugogo, mlangoni pa Mama Jeneroza, hatua moja kutoka kwenye karai lake.

Alikuja shuleni asubuhi kabla ya kengele. Alikuwa bado na shanga za tete shingoni.

"Mwalimu, mi niko muzima."

"Ninaona, Mama."

"Basi juu ya nini munanijengea kaburi?"

Alikuwa ameyaona mafungu mengine, na alijua maana yake kama wote. Sasa majirani walivuka upande wa pili wa barabara. Mandazi yalibaki kwenye karai mpaka yakapoa. Mwanamke mmoja alimwambia wazi kwamba nyumba yake imetiwa alama, na nyumba iliyotiwa alama haimalizi wiki. Siku zile hilo halikuwa neno la kutishia mtoto. Nyumba zilitiwa alama kweli, na watu walikufa kweli.

"Nimefunga mizigo," akasema. "Lakini nitaenda wapi? Nikihama, Dezire akikuja atanikuta wapi? Uliza watoto wako. Niambie ni nani ananitaka kufa. Mi nangoja mupaka msafara upite."

Nilifunga mlango wa darasa. Nikauliza nani aliweka jiwe la kwanza Ugogo, na kwa nini. Mlijue hili litakapowafikia: darasa linaloficha mkosaji huangalia huku na huku. Lile langu lilitulia kabisa.

"Madamu," akasema Hamisi, "si alama ya kumuua. Ni kama zile zingine."

"Zile zingine ni za watu walioanguka. Mama Jeneroza yuko hai."

"Ndiyo, Madamu. Yeye iko hai."

Vichwa vyote viligeuka, taratibu, kuelekea dawati la dirishani. Alikaa pale Esperansi, msichana mwembamba ambaye sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya jibu la hesabu. Nyumba yao ilitazamana na geti la Mama Jeneroza. Bibi yake hakuweza kutembea, kwa hiyo wakati majirani wote walipokimbia, wao wawili walibaki, wamejifungia.

"Kuna tundu kwenye geti yetu," akasema. Hakulia. Alisema kama anayesoma. "Dezire alianguka pale. Lori ilimubeba na wengine, asubuhi. Bibi alisema nisiseme. Sikusema. Niliweka jiwe tu."

"Na wenzako?"

"Waliuliza ni la nani. Kwenye mstari."

"Lini?"

 Alinyoosha daftari lake, akasema, "Kila siku tunasimama juu yake, Madamu. Tunalipa hongo, tunacheka. Mi sikuweza tena."

Darasa zima lilijua. Kartie labda ilijua. Salamu za Ujiji zilikuwa zimepelekwa kila siku kwa mtu aliyeanguka pale pale chini ya miguu yao, na waliombwa wazifikishe.

Nilimweleza Direkteri. Alivua miwani, akakaa nayo mkononi. Alikuwa mtu mwema, na shauri lake halikuwa baya. "Ondoa mawe mbele ya watu wote, Madamu. Sema watoto walicheza. Majirani watarudi kununua, mama atakaa nyumbani kwake. Hayo mengine, vita vikiisha." Sikuwa na shauri bora. Mama yule alihitaji kuishi kwanza.

Mchana msafara ukatoka. Hamisi mbele na gunia lake, mimi kando. Watoto wa Mpwapwa walifika kwao lakini hawakujiondoa. Mstari ulibaki mzima. Mama Jeneroza alisimama mlangoni, kijiko hakuwa nacho, mizigo yake imefungwa kwa kitenge miguuni. Rundo lilikuwa kati yetu. Nilisema kwa sauti, ili na madirisha yasikie:

"Mama, ulikuwa mchezo wa watoto. Tumekuja kuondoa."

Hakuniangalia. Aliangalia watoto, mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu, kama mimi ninavyoangalia mshono. Hakuna aliyeinama kuondoa jiwe.

"Mulicheza nini?" akawauliza.



Macho yake yalifika kwa Esperansi, yakapita, yakaenda kwenye geti lililo upande wa pili wa barabara. Yakakaa pale kwa muda. Kisha yakarudi.

"We, mwana wangu. Kuya hapa."

Esperansi akatoka kwenye mstari. Mzigo bado ulikuwa kichwani.

Nilijua atakachouliza: nani, lini, kwa nini. Nilikuwa tayari kumziba mtoto mdomo, kwa maana majibu ya maswali hayo yaliua watu. Hakuuliza hata moja.

"Alikuwa anatoka," akasema Mama Jeneroza, "ao alikuwa anakuja?"

"Alikuwa anakuja."

"Alifika mlango?"

"Alifika. Alipiga bati na mukono."

"Aliita?"

"Aliita wewe."

Sijui kama mtoto aliyasikia hayo kupitia tundu, au aliyasema kwa sababu aliona uso ule mbele yake. Nilimfundisha miaka miwili mingine, na leo ni mama wa watoto. Sijamwuliza.

Mama Jeneroza alishika shingo yake, mahali pa shanga. Nilidhani ataanguka, nikasogea. Lakini aligeuka akaanza kufungua geti. Lilikuwa na mabawa mawili, na mimi siku zote niliona moja tu likifunguliwa. Alivuta komeo la chini, likagoma, akalipiga kwa kisigino mpaka likatoka. Akafungua yote mawili mpaka ukutani, kama inavyofunguliwa siku ya arusi au ya msiba. Ndani uwanja ulikuwa umefagiwa.

"Alikuwa anakuja kwake," akasema. "Basi apana kumuacha inje. Mumuingize."

Hakuna aliyewapanga. Hamisi aliegemeza bendera ya gunia ukutani, akainama, akachukua jiwe la juu kwa mikono miwili. Nyuma yake mwingine, na mwingine. Majirani walikuwa wametoka kwenye milango. Fundi baiskeli alishuka akasimama kwenye mstari, akabeba jiwe kubwa ambalo nadhani lilikuwa lake. Hakuna kilichosikika, hata kandambili. Yalikuwa mawe ya kawaida, mengine madogo kama yai, lakini waliyabeba mabega yakiwa sawasawa, hatua kwa hatua, kama watu wengi walioshika kitu kimoja kirefu.

Mama Jeneroza alitembea kinyumenyume mbele yao, mkono mmoja umenyooshwa kuwaongoza.

"Polepole," akasema. "Hapa kuna ngazi."

Hamisi aliinua mguu. Na wote nyuma yake, hata wale waliokuwa bado barabarani, wakainua.